Msumeno Uliomo Alani: Kumwandaa Mdudu Kabla ya Kumpiga Picha



Mji huu wa Hopkins, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ulijipatia jina kwa tunda moja. Tangu 1935 wakazi wake hufanya tamasha la rasberi mwezi Julai, na ingawa mashamba ya zamani yamekwisha kugeuka mitaa na maduka, vichaka vya rasberi bado vinastawi nyuma ya nyumba nyingi. Mwaka 2012 alionekana Minnesota mdudu ambaye kwake rasberi ni kitalu cha watoto: nzi wa milimita 2 au 3, ambaye wataalamu humwita Drosophila suzukii. Alielezwa kisayansi Japani mwaka 1931, akagunduliwa California 2008, na miaka minne baadaye akawa amefika huku kaskazini. Ukimtazama kwa macho matupu hutamtofautisha na vile vijinzi vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Lakini vijinzi vile hungoja tunda lianze kuoza, ilhali huyu hutoboa tunda ambalo ndiyo kwanza linaiva na kutaga mayai ndani yake, hata mchumaji akaja kukuta funza katika tunda aliloliona zima. Kinachomwezesha jike kufanya hivyo ni mrija wake wa kutagia, ambao una meno kando kando kama msumeno. Huo ndio unaomtambulisha, na muda mwingi umerudishwa ndani ya tumbo kama upanga ulio alani.

Sasa mchukulieni mpiga picha mwenye kamera bora na lenzi ya bei kubwa. Akimpiga picha jike huyo kabla ya mtu kumbinya tumbo taratibu kwa kibanio mpaka mrija ujitokeze, atapata picha nzuri ya nzi asiyejulikana ni wa aina gani. Hakuna mwanga wala programu ya kompyuta itakayoutoa msumeno huo alani baada ya picha kupigwa. Ninachodai jioni hii ni kwamba picha ya karibu ya mdudu hufaulu au huharibika kabla kamera haijawashwa. Kwamba kumwua, kumlainisha, kumsafisha, kumkausha na kumsimamisha mdudu ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Na kwamba picha iliyotenganishwa na mdudu wake na lebo yake imebaki nusu ushahidi. Wengi huzihesabu kazi hizo kuwa za mtumishi, na kupiga picha kuwa kazi ya bwana. Naona mpangilio huo umepinduliwa.

Sababu ya kwanza imo katika lenzi. Kadiri tunavyomkuza mdudu, ndivyo tabaka linaloonekana kwa ukali linavyozidi kuwa jembamba. Kwa lenzi ya hadubini inayokuza mara 10, aina inayotumiwa sana katika kazi hii, tabaka hilo lina unene wa mikroni 7 hivi, kama moja ya kumi ya unywele wa binadamu. Nzi mwenye kina cha milimita 1 tu atahitaji picha 150 au 200, kila moja ikichukuliwa baada ya kamera kusogezwa mikroni chache, kisha programu ikaokota sehemu kali ya kila picha na kuziunganisha. Mwingereza Levon Biss, aliyepiga picha vielelezo vya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford na kuvionyesha 2016, aliunganisha picha kati ya 8,000 na 10,000 kwa kila mdudu. Kazi ya namna hiyo humtaka mdudu atulie kama jiwe tangu mwanzo hadi mwisho. Kipapasio kilichokuwa na unyevu kikiendelea kukauka na kushuka polepole wakati kamera inafanya kazi, picha ya mwisho itaonyesha vipapasio viwili mahali pa kimoja. Na lenzi hiyo haisitiri kitu: chembe ya vumbi huwa kama kokoto, na uzi mmoja wa pamba uliobaki mgongoni huwa kama kamba ya nanga. Aliyemwandaa mdudu wake kwa haraka atayaona makosa yake yote yamekuzwa mara 10.

Turudi kwa nzi wetu, maana mfano wake ni tajiri. Wakulima humtega kwa siki ya tofaa yenye tone la sabuni ili asielee juu. Akitolewa humo baada ya siku kadhaa huwa amevimba, macho yamefifia, na mabawa yamegandamana na mwili. Hatua ya kwanza ni kumsuuza kwa maji safi, kisha kumtia katika spiriti ya asilimia 70. Hapo ndipo wengi hukosea: humtoa kwenye spiriti, humweka juu ya karatasi akauke kwa hewa, na baada ya saa moja wanamkuta macho yametumbukia na tumbo limejikunja kama zabibu kavu. Kilichotokea ni kazi ya maji. Yanapokauka, uso wake huvuta kila ukuta laini unaogusana nao, na gamba la nzi ni jembamba mno kuhimili mvuto huo. Dawa ni kuyaondoa maji kabla hayajapata nafasi ya kuvuta. Mdudu hupitishwa katika spiriti kali hatua kwa hatua, kutoka asilimia 70 kwenda 95 hadi ile isiyo na maji kabisa, halafu katika kimiminika kinachokauka bila kuvuta sana. Maabara nyingi hutumia heksamethildisilazani, kemikali ya hatari inayotaka glavu na chumba chenye mfereji wa kutoa hewa. Maabara zenye uwezo hutumia mashine ya kabonidioksaidi: gesi hiyo ikifikishwa nyuzi joto 31 na shinikizo la takriban mara 73 ya hewa ya kawaida, mpaka kati ya kimiminika na gesi hutoweka, na mdudu hukauka bila kuvutwa na chochote.

Kwa asiye na mashine wala kemikali hizo ipo njia ambayo sote tulizoea malighafi yake wakati wa korona: jeli ya kutakasa mikono, ile angavu isiyo na rangi. Kwa kuwa ndani yake mna spiriti, mdudu aliyetoka kwenye spiriti huingia humo bila kuharibika. Jeli humshika akae mkao wowote unaotakiwa, miguu imekunjuliwa, mabawa wazi, mrija umetokeza, na picha hupigwa kupitia kioo cha chombo chenye uso bapa. Adui wa njia hii ni viputo vya hewa, ambavyo huondolewa kwa kuiacha jeli itulie, kuipasha moto kidogo ndani ya maji ya uvuguvugu mbali na miali, au kuizungusha kwa mashine. Naitaja kwa kirefu kwa kuwa inampa mwalimu wa sekondari ya Tanga au Kakamega uwezo wa kupata picha ambayo kwa njia ya kukausha ingemgharimu vifaa asivyokuwa navyo.

Wakati wa kumwua mdudu nao una hukumu yake. Dume la nzi huyu hutambulikana kwa doa jeusi karibu na ncha ya kila bawa, lakini dume aliyetoka kwenye ganda la pupa muda si mrefu hana doa bado. Hulipata baada ya saa kadhaa. Anayemgandisha mapema, akampiga picha na kutangaza kwamba huyu si mharibifu wa rasberi, amedanganywa na saa. Isitoshe, mdudu mchanga ana gamba laini ambalo litajikunja hata likikaushwa kwa uangalifu, basi ni vyema kumwacha siku moja au mbili akomae. Njia tulivu ya kumwua ni friza ya nyumbani, kwa siku moja au zaidi, ndani ya kichupa kilichofungwa ili asikauke kwa baridi. Mdudu aliyekwisha kauka na kukakamaa hurudishiwa ulaini kwa kufungiwa katika kopo lenye mchanga au sponji iliyolowa, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia ukungu, kwa siku moja au mbili. Hapa Minnesota, ambako majira ya baridi mashine za kupasha joto hukausha hewa ya nyumba kupindukia, hatua hii haiepukiki: mguu wa mdudu mkavu ukiguswa tu huvunjika.

Rangi zina mambo yake. Zipo rangi zitokanazo na umbo lenyewe la gamba, yaani tabaka nyembamba zinazochezea mwanga, nazo hudumu miongo mingi baada ya kifo. Hivyo ndivyo ilivyo kijani cha metali cha yule mbawakawa mtoboa miti ya ash aliyegunduliwa Saint Paul mwaka 2009, ambaye ameigharimu miji ya eneo hili maelfu ya miti ya kivuli. Rangi nyingine ni za mafuta, damu na chembe za rangi, nazo humkimbia mdudu pamoja na uhai: macho ya nzi hufifia, panzi wa kijani huwa kahawia, na kereng'ende wa buluu huwa kama makaa asipochovywa katika asetoni kuondoa mafuta. Kwa viwavi hali ni mbaya zaidi. Viwavijeshi vamizi, walioingia bara la Afrika mwaka 2016 na kushambulia mahindi ya Kenya mwaka uliofuata, hutambuliwa kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili. Kiwavi akitupwa mzima kwenye spiriti huoza ndani kwa ndani akawa mweusi, na alama hizo zikamezwa. Akichovywa kwanza katika maji yaliyokaribia kuchemka kwa nusu dakika hivi, hunyooka, huacha kujiozesha, na alama zake husomeka miaka mingi. Nusu dakika ya maji ya moto ndiyo inayoamua kama bwana shamba ataweza kumtaja adui kwa jina.

Naam, kuna wanaopinga, na mapingamizi yao yanastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza linasema: kwa nini kuua? Kamera za simu zimekuwa bora, watu wanapiga picha wadudu hai bustanini na kuzituma kwa wataalamu, na wadudu wenyewe wanapungua. Pingamizi hili lina uzito, na mfano wake bora upo papa hapa. Nyuki bambi mwenye baka la kutu, Bombus affinis, ni nyuki mnene mwenye manyoya, wa jamii isiyopatikana porini kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2017 serikali kuu ya Marekani ilimtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 2019 Minnesota ikamfanya nyuki wa jimbo. Miji pacha ya hapa, Minneapolis na Saint Paul, ni miongoni mwa ngome zake zilizosalia. Kumwua ni kosa la kisheria, na kwa maoni yangu ni kosa hata pasipo sheria. Wenye vibali humtia katika kichupa, humpoza ndani ya sanduku la barafu dakika chache hadi azubae, humpiga picha baka lililo kwenye pingili ya pili ya tumbo, kisha humwachia apate joto na kuruka. Asiye na kibali apige picha akiwa mbali, juu ya ua. Lakini tuangalie kwa makini kilichotendeka: hata hapo picha haikuja bila maandalizi. Barafu ilichukua nafasi ya pini. Na njia hiyo inafaa kwa sababu baka hilo ni kubwa na liko nje. Isitoshe, malkia wa nyuki huyo hana baka, hivyo anayelitegemea hilo peke yake atamkosa aliye muhimu kuliko wote. Msumeno wa nzi hautaonekana kwa barafu, na nzi mharibifu anayezaa vizazi kadhaa katika kiangazi kimoja hatatoweka kwa kuuawa kumi ndani ya mtego wa siki. Swali la kuua lijibiwe kwa kila mdudu peke yake. Jibu moja kwa wote litawadhulumu wengine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa watu waadilifu. Wanasema mdudu aliyeoshwa, akanyooshwa miguu na kupigwa picha juu ya kitambaa cheusi si mdudu wa kweli tena. Amepambwa kama bibi harusi. Chavua aliyoibeba imekwenda na maji, na chavua hiyo ilikuwa habari ya maua aliyotembelea. Utitiri uliomng'ang'ania shingoni umekwenda, nao ulikuwa habari ya afya yake. Ni kweli. Maabara ya nyuki ya Sam Droege huko Maryland, ambayo imeigawia dunia maelfu ya picha za nyuki bila malipo, imewafundisha wengi kuosha nyuki kwa maji ya sabuni, kuwasuuza, na kuwakausha kwa mashine ya kukaushia nywele hadi manyoya yasimame, kwa sababu nyuki aliyelowa na kukauka ovyo ana manyoya yaliyogandana, na rangi na mpangilio wa manyoya ndio hutenganisha aina nyingi. Basi tuna habari mbili zinazogombania mwili mmoja. Jibu langu ni kuzichukua zote mbili kwa zamu: mdudu apigwe picha kwanza jinsi alivyopatikana, chavua ikusanywe kwenye kipande cha kioo, kisha aoshwe, na kila lililofanyika liandikwe. Kuosha kunakokiriwa hakumdanganyi mtu.

Na hapa ningependa kuonyesha mahali uongo unapoanzia, maana wengi huutafuta pasipo pake. Katika kutambua nzi, wataalamu huhesabu nywele ngumu za kifuani na kichwani: ziko ngapi, zimekaa wapi, zinaelekea upande gani. Unywele ukivunjika wakati wa kuosha, kitundu ulichoota hubaki kwenye gamba, na mtaalamu akikiona hujua palikuwa na unywele. Maji na brashi huacha alama ya kosa lake. Lakini anayekaa mbele ya kompyuta na kufuta unywele uliokaa vibaya, au kuziba kasoro kwa kunakili ngozi ya jirani, hufuta unywele na kitundu chake pamoja, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo nusu saa ya ziada ya kumsafisha mdudu kwa brashi laini chini ya hadubini ni kinga ya ukweli: kadiri mdudu anavyofika safi mbele ya lenzi, ndivyo kishawishi cha kumsafisha baadaye kwa kompyuta kinavyopungua.

Pingamizi la tatu linasema picha nzuri yatosha, mdudu mwenyewe atupwe. Mwaka 2015 wanasayansi wawili walieleza aina mpya ya nzi wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, kwa picha tu bila kielelezo kilichohifadhiwa, na mwaka uliofuata mamia ya wataalamu wakatia saini waraka wa kupinga. Sidhani wawili wale walitenda dhambi. Yapo mazingira ambapo mdudu hupatikana kwa lenzi tu. Lakini historia ya nzi wa maembe inatuonyesha kwa nini wapinzani walihofu. Mwaka 2003 nzi mgeni aligunduliwa Kenya, kisha Tanzania na nchi nyingine nyingi, akiharibu maembe vibaya. Mwaka 2005 alipewa jina jipya, Bactrocera invadens, akahesabiwa aina ya peke yake. Miaka kumi baadaye, 2015, kwa kulinganisha maumbile, jeni, kemia na kupandana kwao, ilionekana kuwa ni yule yule nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis, na jina jipya likafutwa. Fikirieni kama wale wa 2003 wangebaki picha tu. Picha hujibu maswali ambayo mpigaji aliyafikiria siku ile, na swali la jeni halikuwamo kwenye fremu. Mdudu aliyehifadhiwa hujibu hata swali ambalo bado halijazaliwa.

Ndiyo maana mkusanyiko wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulioanzishwa 1879 na uliopo upande wa Saint Paul, una thamani leo kuliko siku ulipoanzishwa, na ndiyo maana vielelezo vya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na vile vya icipe, taasisi iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, vinahitaji ulinzi wa kila siku. Adui zao si wengi ila hawalali. Ukungu hushamiri katika hewa ya Mombasa na Unguja mahali pasipo chembe za kufyonza unyevu na masanduku yanayofunga sawasawa. Na kila mahali, Hopkins ikiwamo, kuna vibawakawa wa jamii ya Anthrenus, ambao funza wao humla mdudu mkavu kutoka ndani hadi kubaki unga chini ya pini. Sanduku likitiwa friza kwa wiki mbili, hao hufa. Kazi hii haina sifa wala tuzo, lakini bila hiyo picha zote nilizozitaja hazingekuwa na kitu cha kurejelea.

Imebaki kazi ya kumsimamisha. Mdudu mdogo kama nzi wa rasberi hupasuliwa na pini. Hugundishwa ubavu wa kulia wa kifua kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, pini ikapita kwenye karatasi, na ubavu wa kushoto ukabaki wazi kwa lenzi. Gundi iwe ile inayoyeyuka kwa maji, ili atakayekuja miaka 50 baadaye aweze kumbandua bila kumvunja. Mwanga upitishwe kwenye karatasi nyembamba au kikombe cheupe cha plastiki ili usimetemete juu ya gamba. Hayo ni rahisi kujifunza.

Ombi langu ni kwa yeyote kati yenu atakayekuta kijinzi asichokifahamu kwenye rasberi zake Julai hii, au kwenye maembe ya shangazi yake huko Malindi. Mtie katika kichupa chenye spiriti, mpige picha kwa simu jinsi alivyo, kisha mpeleke kwa wenye hadubini: hapa kwa Idara ya Kilimo ya Minnesota au chuo kikuu, kule kwa makumbusho au kwa afisa kilimo wa wilaya. Ndani ya kichupa tia kipande cha karatasi chenye mahali, tarehe, tunda alimokutwa na jina la aliyemkamata. Kiandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika spiriti.